Nusu Hatua Mbele ya Jerotich

Jerotich alikuwa ameinama, mikono kwa magoti, jasho inadondoka kwa boneti ya gari, na Kocha anamwambia, "Weka sahihi hapa, haraka, huyu mtu anarudi ofisi." Huyo mtu wa ofisi alikuwa ameshika karatasi na vidole mbili isilowe. Tulikuwa tumemaliza kilomita thelathini kwa barabara ya murram, na mimi nimesimama hapo kando na chupa yake ya maji, bado pumzi haijarudi.

Jerotich akauliza, "Ni ya nini?"

Kocha akasema, "Ya ile shamba. Si ni wewe ulisema unataka shamba?"

"Imeandikwa nani kama mwenye shamba?"

"Sisi."

Hapo ndio aligeuza kichwa akaniangalia mimi. Macho ilikuwa nyekundu, imejaa chumvi, sijui hata kama alikuwa ananiona vizuri. Akasema, "Wekesa, macho inaniuma. Hebu niangalilie hapo."

Nikaangalia. Jina la mwenye kununua lilikuwa moja, la Kocha. La Jerotich lilikuwa huko chini kabisa, kwa laini ya shahidi, kama mtu alikuwa anapita tu njia akaitwa aone watu wakiuziana. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini hiyo ningeisoma hata nikiwa nimelewa. Nikainua kichwa. Kocha alikuwa ananiangalia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiangalia tu.

Nikasema, "Iko sawa, madam."

Akaweka sahihi.

Nafula binti yangu, nimeanza na hiyo kwa sababu ndio kitu nimeogopa kukuambia, na nikianza na ingine najua sitafika. Umeenda na shangazi yako kunyolewa nywele, huko shule unaenda hawataki msichana na nywele ndefu. Mama yako anapanga sanduku. Mimi nimetoa karatasi za katikati kwa daftari yako ya hesabu ya zamani, usikasirike. Mambo ya sabuni, na kufunga kufuli, na usikopeshe mtu blanketi, hayo mama yako amekuambia wiki mzima, siwezi kuongeza. Mimi unajua venye niko. Tukikaa watu watatu kwa meza, mimi ndio yule haongei. Kwa karatasi najaribu.

Hujawahi kuniuliza vizuri kazi yangu ilikuwa gani. Unajua tu baba alikuwa anakimbia na hakuna siku alishinda. Ni kweli sikushinda. Sikuwa nimeambiwa nishinde.

Wewe ukiwa mdogo nilikuwa mjengo, nabeba mawe mjini. Asubuhi nilikuwa natoka hapa Langas mbio, na haikuwa mazoezi, ilikuwa kuchelewa. Kwa barabara nakutana na kikundi ya wasichana wa kukimbia, wamevaa vizuri, na mimi nawapita na gambuti. Siku moja gari yenye ilikuwa inawafuata ikapunguza mwendo, mtu akatoa kichwa kwa dirisha.

"Wewe. Unaenda wapi?"

"Kazi."

"Na unatoka wapi?"

"Langas."

Akaangalia miguu yangu. "Na hizo?"

"Ndio ziko."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Bungoma."

"Mluhya anakimbia hivi? Kwani ni nani amekuibia kuku?"

Wale wasichana wakacheka, na mimi nikacheka, juu ilikuwa ya kuchekesha. Huyo ndio alikuwa Kocha, bwana ya Jerotich. Jioni hiyo nilikuwa na viatu ya kukimbia, ya mtu mwingine, imeisha kisigino, na nilikuwa na kazi.

Hiyo kazi inaitwa pacer. Msichana akitaka kukimbia mbio sana hawezi kujivuta peke yake kila siku, anatafutiwa mwanaume wa kukimbia na yeye. Unakaa mbele yake nusu hatua, upande ule upepo inatoka. Nusu hatua, si mbili. Ukienda mbili anakufa moyo, ukikaa sawa na yeye anapunguza. Na hugeuki nyuma. Ukigeuka unavunja mwendo. Basi unajifunza kumwona na masikio. Mimi nilimsikiliza Jerotich miaka minne, nikajua mtu anaweza kujulikana kwa pumzi kuliko kwa uso. Nilijua siku hajalala. Nilijua siku wamegombana kwa nyumba, alikuwa anavuta pumzi fupi fupi hata tukishuka mlima, kama mtu amebeba kitu na hataki ionekane. Sikuwahi kuuliza. Kazi yangu ilikuwa upepo.

Na siku ya mashindano ya hapa mjini nilikuwa nampeleka mpaka karibu na ile kamba ya mwisho, halafu natoka kando, naingia kwa watu. Hiyo kamba haitaki mwanaume kwa picha. Nilikuwa naipenda sana hiyo sehemu ya kutoka. Naingia kwa watu, nakuwa mtu yeyote, naangalia.

Sijui kama unakumbuka Kocha wa siku hizo. Alikuwa anakubeba kwa bega. Nyanya yako alipougua ni gari yake ilimpeleka hospitali, na alikaa na sisi kwa benchi mpaka daktari akatoka. Alinifundisha kupumua, alinifundisha kula, aliniambia mimi ni mtu wa maana siku zenye hakuna mtu alikuwa ananiambia. Nataka ujue hiyo, ndio usione hii hadithi iko na shetani. Angekuwa shetani ningesema siku hiyo hiyo kwa boneti.

Kuna kitu nimejiuliza tangu hizo siku na sijapata jibu, na labda wewe utalipata huko. Hii kukimbia imetufanya nini sisi watu wa hapa?

Kulikuwa na mahali tulikuwa tunasimama kunywa maji, kwa geti ya Gogo mmoja. Gogo ni nyanya, kwa lugha ya kina Jerotich. Kila asubuhi alikuwa hapo na mkebe yake anangoja gari ya maziwa, na akituona anaanza.

"Wewe Mluhya, leo tena unakimbiza bibi ya watu?"

"Gogo, mimi ndio niko mbele. Ni yeye ananikimbiza."

"Basi ni wewe umeiba kitu."

Siku moja Jerotich ameingia choo ya huyo Gogo, nikamuuliza kama yeye akiwa msichana alikuwa anakimbia. Aliniangalia kama nimemtusi.

"Nikimbie naenda wapi?"

Akaniambia zamani wenye walikuwa wanakimbia ni wanaume. Ng'ombe ikipotea wanakimbia. Habari ikitakiwa kufika mbali, kijana anatumwa na anakimbia. Lakini mwanamke akionekana kwa njia anakimbia, watu walikuwa wanaacha kazi wanatoka nje.

"Kwa nini, Gogo?"

"Kuuliza nani amekufa."

Ati hakukuwa na sababu ingine. Ni mtoto ameungua, ama bwana ameshika panga. Nikamwambia, na sasa? Akasema sasa wanapita hapa kumi, ishirini, wengine na suruali fupi, na yeye hata hatoki kwa kiti. Nikamuuliza aliacha lini kutoka. Akafikiria. Alifikiria mpaka gari ya maziwa ikaonekana kwa kona.

"Sijui," akasema. "Haikuwa siku moja. Lakini bado naangalia uso. Wakipita naangalia uso, nione ni ile mbio ya kushinda ama ni ile ingine."

Hiyo maneno nilienda nayo siku mingi. Nilijaribu kuhesabu kwa kichwa ni mara ngapi msichana alipita kwa hiyo geti ndio Gogo akazoea. Wa kwanza lazima alichekwa. Wa kwanza pengine alirushiwa maneno mbaya, na alikuwa peke yake, hakuna pacer.

Ingine ni hii. Unajua pale kwa butchery ya chini, penye wanaweka televisheni. Jerotich akikimbia nchi za nje, Jumapili baada ya kanisa, wote walikuwa hapo. Watu wa kwetu Bungoma, wenyewe wa hapa, Wakikuyu wa duka, fundi wa pikipiki, kila mtu. Na unafaa kujua kuna mwaka mimi nikiwa kijana watu hao hao waliumizana sababu ya kura, sisi tukalala kwa kanisa wiki mbili, na mwenye alitupatia unga na mwenye tulikuwa tunaogopa walikuwa wanaishi kwa ploti moja. Sasa hao hao wamesimama juu ya viti wanapiga kelele, "Wetu! Huyo ni wetu! Wetu ako mbele!" Kuna mzee hapo mwenye alikatalia bibi yake kwenda hata mazoezi ya kwaya, na siku hiyo alikuwa analia machozi sababu ya Jerotich. Nilimwangalia kuliko nilikuwa naangalia televisheni. Hakuwa anadanganya. Alikuwa na furaha ya kweli. Na akienda nyumbani jioni, bibi yake bado haendi kwaya.

Nikaanza kusikiliza hiyo neno, wetu, venye inatumika. Jerotich akishinda ni wetu. Akinunua gari, ni gari ya Kocha. Nyumba ikisimama, watu wanapita wanasema, nyumba ya Kocha hiyo. Shamba ya Kocha. Miguu ni yetu sote, lakini shamba ni ya Kocha. Na hakuna mtu alikuwa anasema hivyo na ubaya. Ndio venye maneno yalikuwa yanatoka kwa mdomo.

Mimi pia. Usifikirie nilikuwa nimesimama kando nikiwa safi.

Mama yako alikuwa golikipa. Najua unajua, lakini unajua tu kama utani. Wakati tulianza kukaa pamoja kulikuwa na timu ya wasichana hapa, wanacheza ile uwanja ya vumbi karibu na soko, na mama yako alikuwa na glavu moja ya kijani na ingine nyeusi. Nafula, alikuwa anaruka. Nimeona wanaume wameacha kununua nyanya wanaangalia. Nilikuwa nakubeba kwa mgongo tunaenda kumwona, na nilikuwa naona raha sana, mpaka siku moja kwa mjengo jamaa mmoja anaitwa Simiyu akaniuliza mbele ya watu, "Bibi yako anadaka mpira, wewe unadaka nini? Unadaka nepi?"

Walicheka wiki mbili. Nikiinua jiwe wanasema, daka.

Mimi sikumkataza mama yako. Hiyo ndio nilikuwa najiambia, mimi sijamkataza. Niliacha tu kwenda kumwona. Halafu siku ya mechi akirudi, chakula inawekwa, mimi nasema nimeshiba. Sisemi kitu ingine. Nimeshiba tu. Sijui ni mechi ngapi, nne, tano. Siku moja nikarudi nikaona msichana wa jirani amevaa zile glavu, moja kijani, moja nyeusi. Nikamuuliza mama yako, "Umepeana?" Akasema, "Si ulisema umeshiba."

Mimi nilikuwa nafikiria kwa sababu siongei, sina makosa ya mdomo. Watu wengi walinisifu hivyo maisha yangu yote. Wekesa mpole. Wekesa hana maneno. Na ona: mama yako nilimtoa kwa goli bila kufungua mdomo, na Jerotich nilimtoa kwa shamba yake na maneno matatu.

Sasa nikuambie yenye imefanyika hivi karibuni, juu hiyo ndio inakuhusu wewe.

Jerotich aliumia mshipa wa kisigino. Akapona, akaumia tena. Mwenye hakimbii hahitaji pacer, na mimi nikarudi mjengo, hiyo unakumbuka. Halafu tukasikia amerudi kwa ndugu yake, na kwa ile nyumba ya Kocha kuna msichana mwingine, wa kambi ya mazoezi. Halafu tukasikia shamba inauzwa. Jerotich akaenda kwa chifu, akasema hiyo ni jasho yake. Kocha akaleta karatasi. Karatasi ikasema venye inasema. Wazee wakamuuliza Jerotich, hii sahihi ni yako? Akasema ni yangu. Wakasema, sasa unataka nini?

Siku alikuja hapa kwetu ulikuwa shule. Alitembea kutoka stendi na huo mguu. Mama yako akampa kiti na chai, akatoka nje na nguo zake za kufua, ili tuongee.

Alisema, "Wekesa, ile siku kwa gari nilikuuliza kitu. Uliona ama hukuona?"

Nikasema, "Niliona."

Akanywa chai. "Nilijua."

"Ulijua aje?"

"Pumzi yako ilisimama. Miaka minne nimekuwa nyuma yako, kwani ulifikiria ni wewe peke yako ulikuwa unasikiliza?"

Nafula, nimepigwa maishani, na hakuna mahali nimepigwa kama hapo. Nikamuuliza, sasa kama ulijua, mbona uliweka sahihi? Akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu aseme hapana," akasema. "Mmoja. Ningeshika hapo. Mimi nikisema peke yangu, nitakuwa bibi mwenye pesa imempanda kichwa. Wewe ungekuwa ni wa kwanza, mimi ningekuwa wa pili. Kuwa wa pili ni rahisi. Si wewe ndio ulinifundisha."

Hakunilaumu. Aliniuliza kama naweza kufika kwa chifu niseme yenye nilisoma na yenye Kocha alisema, ile neno "sisi". Hakuna mtu mwingine alikuwa hapo, yule mtu wa ofisi alishahama. Nilimwambia nitaangalia. Unajua nikisema nitaangalia ni nini. Wazee wameketi mara mbili, na mara mbili sikwenda. Mara ya kwanza nilisema ni kazi. Ya pili nilisema nina homa, na kweli mwili ulipata joto.

Niliogopa Kocha, lakini hata zaidi niliogopa wale wazee. Mambo ya shamba huku, mtu wa nje haongei. Bungoma ni kwa babu tu, mimi nimezaliwa hapa, wewe umezaliwa hapa, lakini nikifungua mdomo mbele yao kuhusu acre ya mtu, najua mtu mmoja atauliza kwa upole kabisa, "Na huyu Mluhya wa Langas anaingia wapi hapa?" Na itakuwa swali ya haki. Nimejibu kwa kichwa mara mia. Naingia wapi? Naingia hapo kwa nusu hatua. Nilikuwa hapo. Sina jibu ingine.

Halafu wewe ukashinda ile mbio ya shule za kaunti. Na Kocha akaja.

Alikaa hiyo kiti ya dirisha. Alikunywa chai mbili. Akasema, "Huyu mtoto ana mguu, Wekesa, na hii mguu haikutoka kwako." Mama yako akacheka. Akasema kuna shule huko juu mlimani ina kambi, yeye anapeleka wasichana sita, ada na viatu na kila kitu ataona yeye mwenyewe. Wewe ulikuwa umesimama kwa mlango na uniform, umeshika ukuta ndio usiruke. Niliona. Mimi naona kila kitu, shida yangu si macho.

Nilimsindikiza mpaka kwa gari. Alifungua mlango, akasimama, akaniwekea mkono kwa bega kama zamani.

"Nasikia kuna watu wanakutembelea," akasema.

Nikaangalia tairi.

"Hiyo ndio napenda na wewe," akasema. "Wewe si mtu wa maneno mingi."

Akaenda. Gari yake inakuja kukuchukua kesho saa kumi na mbili asubuhi. Na wazee wanaketi leo, saa nane, mara ya mwisho. Wakimaliza leo, shamba inaweza kuuzwa.

Nimegeuza hii kitu pande zote. Nilifikiria nikuache uende kwanza, halafu niseme. Lakini hakuna halafu, ni leo. Nilifikiria nimwambie Jerotich aombe siku ingine, na nikaona hiyo ni homa tena, imevaa nguo ingine. Nilifikiria nikuulize wewe. Hiyo ndio ilikuwa karibu sana. Jana ulikuwa unapaka viatu rangi hapo mlangoni na nikafungua mdomo. Lakini nikikuuliza, una miaka kumi na nne, ukisema "baba nenda" utabeba hiyo wewe, na ukisema "baba usiende" utabeba hiyo pia, mpaka uzee. Ni ile tu ya boneti, nimegeuza nimekupa wewe karatasi. Basi sikukuuliza. Una haki ya kunikasirikia kwa hiyo, na sitasema nimeshiba. Nitakaa hapo unikasirikie.

Mwenye nilimuuliza ni mama yako, saa hii kabla nishike kalamu. Alikuwa anakunja sweta.

"Nikienda," nikasema, "gari inaweza kukosa kuja kesho."

"Najua."

"Unasema aje?"

Hakuinua kichwa. "Unaniuliza, ama unataka nikukataze ndio upate sababu?"

Nikampatia sweta ingine akunje.

"Mimi hili sanduku nalifunga," akasema. "Likienda, limeenda. Likikosa kwenda, mtoto atakuwa na nguo zimekunjwa vizuri. Wewe vaa shati ile ya kanisa."

Nimevaa.

Sijui kesho itakuwa aje. Pengine Kocha atakuchukua bado, juu mguu yako ni mguu, na yeye anapenda mbio kuliko anapenda kukasirika, hiyo namjua. Ukienda, nenda na moyo wote. Mtii kwa mambo ya kukimbia, hakuna mtu anajua kukimbia kama yeye katika hii nchi, mimi nimeona. Wakikuita wetu, furahi, ni neno tamu. Lakini uwe unauliza, ya kushinda tu ama ya kila kitu? Uliza ukicheka. Uangalie ni nani hacheki. Na ukipewa karatasi, miguu ikiwa bado inatetemeka, sema unaomba kukaa chini kwanza.

Na gari ikikosa kuja, jua si wewe umekosa. Muda wako si mbaya, mguu yako si mbaya, hakuna kitu kwa hiyo mwili ilikosa. Ni baba yako alienda mahali. Utarudi ile shule ya hapa, na asubuhi nitakimbia na wewe mpaka nishindwe, na hiyo haiko mbali, mwaka moja, miwili. Najua haiwezi kuwa sawa na kambi. Sitakudanganya ati ni sawa. Hiyo neno nimeshaitumia vibaya.

Nimejaribu kwa kichwa venye nitasema mbele yao. Nitasema: mimi naitwa Wekesa, nilikuwa pacer wake. Nilikuwa nimesimama hapa, yeye hapa, gari hapa. Aliniambia nimwangalilie imeandikwa nani. Niliona jina moja na nikasema iko sawa. Nilidanganya. Kila mara nikifika hapo kwa "nilidanganya" mkono inatoa jasho, hata sasa, angalia hiyo doa. Pengine sitaweza kusema yote. Pengine nitasimama tu kama mti. Lakini nitakuwa nimesimama hapo ndani, na wataniuliza, na mtu akiulizwa anajibu.

Mama yako atakupa hii ukirudi kutoka kunyolewa. Ningetaka kuona hicho kichwa bila nywele, nasikia utafanana na nyanya yako mwenye ulipewa jina lake. Lakini siwezi kungoja. Ni saa saba na nusu, na kutoka hapa mpaka kwa chifu ni mwendo, na huko wakiita jina lako mara tatu na haupo, karani anaandika ati huyu hana la kusema. Mara mbili wameniandika hivyo. Wacha nitoke sasa, juu niko nalo.